Kompaila Tatu za Mweso wa Hasani

Jumanne, 6 Mei

Nimemaliza. Kompaila nimeshachagua, mweso, bao la Waganda, unacheza kwenye kompyuta, na rafiki yangu Hasani atafungwa mchezo kabla ya Idi. Hakuna mzee mwingine Kampala nzima anayeandika programu kwa lugha ya C kwenye mashine ya umri huu.

Uongo. Nimefuta vumbi tu. Nimetoa mende wawili ndani ya kibodi, mmoja hai. Kompaila sijachagua, na C yenyewe naijua mpaka pale kitabu kilipochanika, kwenye sura ya pointa. Kurasa za mbele ya hapo marehemu mke wangu alizifungia karanga. Kwa hiyo kuna watu hapa Kawempe walikula pointa zangu na chumvi.

Mashine ni ile nyeusi, vitufe vya mpira, inakaa mapajani kama sahani ya wali. Haina skrini, inaazima televisheni. Haina diski, inasoma kaseti. Kumbukumbu yake yote haitoshi picha moja ya simu. Tuliinunua mimi na Hasani nusu kwa nusu, kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Nusu yake Hasani hajawahi kuigusa. Aliiita redio bubu.

Inawaka. Hilo ni kweli.

Alhamisi, 8 Mei

Ntinda, kwa Hasani. Magari yamesimama kama yamepandwa. Nimeteremka kwenye boda nikatembea.

Sauda, binti yake Hasani, amenifungulia geti. Amekonda. Baba yake kiti kile kile, dirisha lile lile, mkono wa kulia umelala mapajani kama samaki sokoni. Kiharusi kilichukua upande wote na maneno pia. Akili imo. Macho yananitukana kama zamani.

Hasani aliuza khanga na vikoi Kawempe, na baba yake kabla yake, na babu aliyetoka pwani na mzigo kichwani. Mimi nilitoka jeshini na darasa la tano na sauti kubwa. Akaniita Jeshi. Kiswahili changu alikisahihisha mbele za watu, kila jioni, ubao wa mweso katikati yetu, kwenye benchi nje ya duka lake. Nilimwambia Kiswahili ni cha kuamrishia, si cha kunukia. Alikasirika wiki nzima. Raha tupu.

Mwezi uliopita nilimpelekea ubao. Hakuweza kuchota kete, zikamwagika. Nikasema nitamtembezea mimi upande wake. Akaupiga ubao kwa mkono wa kushoto, ukaenda mpaka chini ya kabati. Alikuwa na haki. Kete za mtu haziguswi na mwingine. Ndiyo sheria ya benchi letu, na mimi ndiye niliyekuwa nawafukuza watu kwa kuivunja.

Sauda alijaribu mchezo wa kwenye simu. Si mweso, ni binamu yake wa Ulaya, mashimo machache kama meno yangu. Kidole cha mzee kikateleza, akampigia fundi bomba mara tatu.

Kwa hiyo redio bubu. Kitufe kinene, kidole kimoja cha kushoto, shimo limechaguliwa, mashine inasambaza kete yenyewe. Hakuna binadamu aliyegusa. Niliandika kwanza kwa Besiki, lugha iliyomo ndani ya mashine. Mashine ikafikiri, ikafikiri, Hasani angelala na chai mdomoni. Lazima iwe C. Na C inataka kompaila ya kuigeuza iwe lugha ya mashine, na kompaila za mashine hii ziko tatu ninazoweza kuzipata, na sijui ipi.

Sijawahi kumwona Hasani akinyamaza. Sipendi.

Jumapili, 11 Mei

Kompaila ya kwanza. Nimeipa jina Mkongwe. Ni ya kaseti, inakaa ndani ya mashine yenyewe. Uzuri wake ni huo, sihitaji mtu. Ubaya wake ni mwingine wote.

Mkongwe anaingia, anakula nusu ya kumbukumbu, anabaki amekaa. Programu yangu inabanwa kwenye kona kama mgeni msibani, hata kete zikitembea hazichoreki. Nikikosea, haniambii nimekosea nini. Ananipa namba. Karatasi ya kueleza namba ilipotea wakati wa serikali nyingine.

Umeme umekatika mara mbili. Kila ukikatika, mashine inasahau kila kitu na mimi naanza kwenye kaseti. Kaseti inalia, mimi nakaa, jirani anagonga ukuta.

Jioni programu imekubali. Nimecheza mashine dhidi ya mashine. Miendo ya kwanza safi. Halafu ikaganda. Skrini kimya, vitufe havisikii. Nikazima. Nikawasha. Nikapakia upya. Ikaganda tena, mahali pengine.

Mkongwe ni mbovu. Nimemtukana kwa Kiswahili cha jeshi, kile kisichosahihishika.

Jumatano, 14 Mei

Kompaila ya pili na ya tatu zinataka kompyuta ya kisasa. Unaandikia huko, zinatengeneza programu ya mashine ya zamani, unaigeuza kuwa sauti, unaicheza kwenye simu, na mashine inaisikiliza ikidhani ni kaseti. Siku hizi hata mashine zinadanganywa na simu.

Nimekwenda kwa Maman Furaha. Mkongomani, wa Bukavu, ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi. Nilimtengenezea pasi ya umeme, akanipa kiti cha pembeni na kompyuta yenye herufi A iliyofutika. Ameniwekea kompaila zote mbili bila kuniuliza maswali ya kijinga. Ameniuliza la maana tu, kama nina mke.

Ya pili nimeiita Mwepesi. Ndogo, ya haraka, hainung'uniki. Unampa chochote anakubali, kama mwanasiasa. Lakini programu anazotoa ni nene. Nimekata hapa, nimekata pale. Nimeondoa uchoraji wa kete zikitembea, nimebakiza picha ya ubao mwendo ukishaisha. Ikatosha, kwa kusukumwa.

Nimecheza ile sauti mle kibandani kuijaribu. Maman Furaha akatoka nyuma ya mashine ya kopi.

"Papa Jeshi, ile kitu yako iko inalia kama mutoto ya shetani. Batu banakimbia."

Nikamwambia shetani hana mtoto, maana hana mke. Akasema, "Njo maana. Kama weye."

Nyumbani nikaunga simu kwenye mashine. Mistari ya rangi ikapita kwenye televisheni, nikashusha pumzi. Katikati ya sauti, simu ikaita. Kila kitu kikaharibika. Alikuwa Sauda.

Kaka yake anakuja kumchukua mzee. Tanga, kwa ukoo. Yeye Sauda amepata kazi Muscat na hawezi kumwacha peke yake. Wataondoka kabla ya Idi. Ataniambia siku.

Nilisema kale, kale, yaani sawa kwa Kiganda, kama mtu anayenunua nyanya.

Nimekaa mbele ya televisheni yenye chenga. Tanga. Simjui mtu Tanga. Atakuwa na dirisha jingine na mimi sitakuwemo.

Ijumaa, 16 Mei

Mwepesi ameganda.

Sawasawa na Mkongwe. Miendo kadhaa mizuri, halafu kimya. Nimecheza mara nyingi nikihesabu, nikaacha kuhesabu. Mara inakwenda mpaka mwisho wa mchezo, nashangilia peke yangu. Mara inakufa mapema.

Nimemchukia Mwepesi kuliko Mkongwe. Mkongwe alikuwa mkali tangu mlangoni. Huyu alinichekea.

Mchana nilipita pale kwenye benchi. Duka la Hasani sasa linauza kava za simu. Wamelihamisha benchi upande wa kivuli, wamekaa vijana wanabeti mpira. Nikakumbuka mchezo wetu wa mwisho. Alikuwa anapoteza. Alichagua shimo baya, kete zikamwishia mdomoni mwangu, nikala safu nzima. Akaomba arudishe mwendo. Sisi haturudishi. Lakini aliniomba vibaya, kwa sauti ndogo, nikaona leo ana neno. Nikamrudishia. Nikamtangazia barabara nzima kwamba nimemrudishia. Akasema, "Jeshi, una mwendo wako kwangu. Siku utakayoutaka, niambie." Akanifunga. Wiki ile ile kiharusi.

Kwa nini nimeandika haya. Nilikuwa naandika kuhusu kompaila.

Jumamosi, 17 Mei

Sijaenda popote. Nimelala mchana kama kuku mgonjwa. Kitabu kilichochanika kipo kifuani. Kila nikifika kwenye mchaniko nahisi jibu lilikuwa ukurasa uliofuata, na limeliwa.

Nina miaka ya kutosha kujua nimeshindwa. Sitaki tu kuwa wa kwanza kusema.

Jumanne, 20 Mei

Ya tatu. Mjuaji.

Huyu mkubwa, wa kisasa, polepole. Nampa programu, anaikagua mstari kwa mstari kama askari wa kizuizi cha barabarani. Hapa hujasema ni namba ya aina gani. Hapa umeahidi jibu hukuleta. Hapa unaandika mtindo wa wazee. Maman Furaha alisoma maonyo kwenye skrini akacheka mpaka akaweka karatasi kichwa chini.

"Hii iko inakutukana, Papa."

Inanitukana, ndiyo. Nimemzoea mtu wa kunisahihisha. Nimefurahi, halafu nikasikitika kwa sababu nimefurahi.

Nimerekebisha yote. Kesho nikifa nitakufa safi. Mjuaji akakubali, akatoa programu nyembamba, yenye mbio. Nafasi imebaki. Nimerudisha uchoraji: sasa kete inaonekana ikidondoka shimo kwa shimo. Sauda alisema mzee anataka kuona zikitembea, hapendi mambo ya kufumba na kufumbua.

Nimecheza jioni michezo mitatu. Haijaganda.

Nimemchagua Mjuaji. Sasa ni kweli, si ile ya Jumanne nyingine. Sauda amesema kaka anafika Jumapili. Naenda Alhamisi.

Alhamisi, 22 Mei

Nimepakia mashine kwenye boksi la sabuni, simu imejaa chaji na nimeifunga isipigiwe. Nimejifunza.

Sauda alisogeza televisheni mbele ya kiti. Hasani aliiangalia mashine, akaniangalia mimi, akainua nyusi moja. Ile inayofanya kazi. Nilijua anasema nini. Redio bubu.

Ubao ukatokea. Mashimo yote, safu nne, kete mbilimbili. Nikamwonyesha kitufe. Kidole kikasafiri hewani, kikashuka. Kete zikatembea.

Sijui niandikeje uso wake. Nusu ya uso ilifanya kazi ya uso mzima.

Alicheza. Aliniweka kwenye shida kwenye mwendo wake wa nne, mpumbavu huyu, mgonjwa hivi. Nikacheza. Akacheza. Nilisahau mashine, nilisahau Tanga. Nilimtukana, Sauda akanitazama vibaya, Hasani akatoa sauti ya kooni.

Halafu akabonyeza shimo, kete zikatembea, zikatembea, zikazunguka. Zikafika mwisho wa safu, zikarudi, kete ya mwisho ikaangukia penye kete, ikachota, ikaendelea. Sauda alikwenda jikoni akarudi, bado zinazunguka. Ndiyo ile ile. Mjuaji naye ameganda, tofauti yake anaganda huku anakimbia.

Nikaanza kuomba radhi. Hasani akainua mkono wa kushoto, kiganja wazi, juu kidogo ya magoti, akautuliza hapo.

Sauda alidhani anaumwa. Mimi nilijua. Wazee wote wa benchi wangejua. Mwendo usioisha. Kuna mpangilio wa kete ambao ukiuanzisha hauna mwisho, unaweza kuzunguka mpaka Idi. Unatokea. Ukikutokea unainua kiganja juu ya ubao, wenzako wanakuzomea, unarudisha kete zilipokuwa, unachagua shimo lingine. Nimeinua kiganja hicho mara ngapi mimi mwenyewe.

Niliandika sheria zote za mweso isipokuwa hiyo. Kwa sababu hiyo haimo kwenye kete, imo kwenye mkono wa mtu. Kompaila zote tatu zilifanya nilichoziambia. Mkongwe alikuwa sawa. Mwepesi alikuwa sawa. Kule nyumbani nilikuwa nimeficha kete zinavyotembea, nikaona skrini kimya, nikaita mbovu.

Nikacheka. Hasani akacheka, upande mmoja, mate yakamtoka, Sauda akayafuta. Sijawahi kuwa na haya na furaha mahali pamoja hivi.

Nikasimama. Nikachomoa waya. Nikamwambia ni mistari michache tu, naweka kikomo, ikizidi inarudisha kete, nakuletea Jumamosi ikiwa nzima. Akanishika mkono wa shati. Kwa ule mkono wake mmoja. Hakutaka niende. Ningeweza kuwasha tena, ikizunguka tuzime, tuanze. Nilikuwa na jioni nzima.

Nikamtoa vidole kimoja kimoja, nikitania. Nilikuwa na kompaila kichwani.

Ijumaa, 23 Mei

Kwa Maman Furaha tangu alipofungua. Kikomo kimekaa. Mwendo ukizidi, kete zinarudi, ubao unaandika: INUA MKONO. Mjuaji hakutoa onyo hata moja.

Nimemwonyesha. Amesema ni muzuri. Akaniuliza ni kwa nani hasa. Nikamwambia. Akanipa chapati, hakutaka nishukuru.

Jumamosi, 24 Mei

Mlinzi wa geti Ntinda ameniambia. Kaka alifika jana, si Jumapili. Gari lilikuwa la kuazima, lilitakiwa kurudi. Wameondoka baada ya swala ya alfajiri. Sauda alinipigia.

Nilikuwa nimeifunga simu tangu Alhamisi. Isipigiwe.

Nimesimama getini na boksi la sabuni. Mlinzi akauliza kama nauza.

Jumatano, 28 Mei

Inafanya kazi. Hakuna kinachoganda. Nimecheza na mashine. Imenifunga asubuhi, imenifunga mchana. Ikishinda inaandika UMEFUNGWA, basi. Haitukani. Haisemi Kiswahili changu kimevunjika miguu. Nimeongeza mistari ya matusi. Niliyaandika mwenyewe, kwa hiyo nayajua yanakuja, hayaumi.

Maman Furaha ameniuliza kati ya zile kompaila tatu ipi ilikuwa nzuri. Nikamwambia zote. Akasema, "Sasa ulikuwa nalia nini mwezi muzima?"

Nimerudi nyumbani. Nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauisaidii.

Jumatatu, 9 Juni

Idi imepita. Mvua kidogo asubuhi.

Nimepiga Tanga. Mtoto wa Hasani, mstaarabu, ananiita Baba. Amesema mzee amepungua. Chakula hali vizuri. Kitufe, televisheni, hapana, hata akiletewa, mkono wa kushoto nao sasa hauinuki. Akaniwekea simu sikioni mwa baba yake. Nilisikia anapumua. Nilisikia na jogoo wa kwao. Nikazungumza habari za vijana wanaobeti, na benchi, na mende. Kilichonipeleka kwenye simu sikukisema.

Mashine nimeifunika kitambaa. Ubao wa mbao nimeuchomoa chini ya kitanda, nimepanga kete mbilimbili, zake na zangu. Zake sijazigusa zaidi ya kuzipanga.

Hasani. Nina mwendo wangu mmoja kwako, ulisema nikiutaka nikwambie. Nautaka ule wa Alhamisi, niliposimama nikachomoa waya. Ni mdogo tu. Nirudishie.